Kontrola Bado Nzima, Draiva Haipo

Ndugu zangu madijei na mafundi, asanteni kwa kufika. Tuzungumzie kwa nini kontrola moja, ile meza ya kupigia muziki inayochomekwa kwenye kompyuta, inapiga kazi miaka kumi na tano na nyingine inawekwa kabatini baada ya minne. Wengi mtataja slaida zilizolegea, jogi (magurudumu ya kuzungushia wimbo) zilizokwama na vitufe vilivyokufa. Ni kweli, lakini hayo karibu yote anayaweza fundi wa redio mwenye mkono mtulivu. Kinachoiua kontrola moja kwa moja ni siku kiwanda kinapoacha kuitolea draiva, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Kwa hiyo tutaanza na draiva, bisibisi itafuata.

Kontrola nyingi zina vifaa viwili vinavyotumia waya mmoja wa USB. Kimoja kinasoma vitufe na slaida na kutuma namba kwenye kompyuta, mara nyingi kwa MIDI, lugha ya vyombo vya muziki vya kielektroniki, ambayo ipo tangu 1983. Cha pili ni kadi ya sauti, inayopeleka muziki kwenye spika na hedifoni. MIDI iliyofuata kanuni za wazi za USB haihitaji draiva ya kiwanda. Windows, macOS na Linux zote zinaielewa. Kadi ya sauti ndiyo yenye mitego. Ikiwa imefuata kanuni hizo, kompyuta inaitambua yenyewe. Ikiwa kiwanda kilijitungia njia yake, unaishi kwa huruma ya draiva yake, na draiva hiyo inakubaliana na matoleo machache tu ya mfumo.

Angalieni Vestax ya Japani. Kampuni hii ilianzishwa 1977, ikaheshimika sana kwa mixer na kontrola zake, na mwishoni mwa 2014 ikafilisika. Tangu hapo hakuna wa kuandika draiva mpya. VCI-100 yake ya 2007 haina kadi ya sauti ndani. Inatuma MIDI tu. Ukiichomeka leo na kuipa kadi ya sauti ya nje, hata ya bei ndogo yenye njia nne za kutoa, unapiga nayo shughuli nzima. Kontrola zilizokuja baadaye zikiwa na sauti ndani zilikuwa za kisasa zaidi, lakini upande wao wa sauti umebaki na draiva za mwisho zilizotoka kabla kampuni haijafungwa. Iliyoonekana duni ndiyo iliyobaki huru.

Wala kampuni si lazima ife. Serato, kampuni ya programu za madijei, ilipostaafisha programu yake ya Scratch Live mwaka 2015, kisanduku cha sauti cha Rane SL1 cha 2004 hakikupokelewa kwenye programu iliyoirithi, Serato DJ, ingawa chenyewe kilikuwa hakina kasoro. Apple ilipotoa macOS Catalina mwaka 2019, programu zote za biti 32, yaani za mtindo wa zamani, zilikatwa kwa mpigo. Kwenye Mac zenye chipu za Apple zenyewe, draiva ya zamani inayoingia kwenye kiini cha mfumo hairuhusiwi mpaka ushushe kiwango cha ulinzi. Upande wa Windows, Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi sasa wananunua laptopu mpya. Wenye kununua zenye chipu za Snapdragon wawe macho: programu za kawaida zinaweza kuigizwa, yaani laptopu inajifanya ina chipu ya zamani, zikafanya kazi, lakini draiva haiigizwi. Lazima iwe imeandikwa kwa chipu hiyo.

Kwa hiyo, ukienda kuangalia kontrola ya mtumba, nenda na laptopu ambayo haijawahi kuwekewa draiva yake, pamoja na waya wako mwenyewe. Chomeka moja kwa moja, si kupitia habu (kigawanyio cha USB), kwa sababu USB 2.0 inatoa miliampia 500 kwa volti 5, na habu isiyo na umeme wake inagawa kiasi hichohicho kwa vyote vilivyochomekwa, taa zikaanza kufifia ukadhani bodi imeharibika. Subiri dakika moja. Kisha tazama kama jina la kontrola limejitokeza kwenye orodha ya vifaa vya sauti. Likijitokeza, hiyo ni kontrola itakayokutunza. Lisipojitokeza, na kontrola ina kadi ya sauti ndani, bei iteremke.

Hatua inayofuata ni programu ya bure ya kuonyesha MIDI. Sukuma kila slaida polepole kutoka chini hadi juu: namba zipande kutoka 0 hadi 127 bila kuruka. Iache katikati, usiiguse. Namba zikicheza zenyewe, njia ya kaboni imechakaa au imejaa vumbi. Krosfeda, slaida ya kuhama kutoka wimbo mmoja hadi mwingine, ikigota mwisho na kuonyesha 2 au 3 badala ya 0, wimbo wa upande wa pili utavuja kidogo kwenye spika. Hili hurekebishwa kwenye mipangilio ya programu, si sababu ya kuikataa. Slaida ya kasi mara nyingi hutuma namba mbili pamoja, hatua 16,384 badala ya 128, kwa hiyo mtikisiko mdogo hapo ni wa kawaida. Bonyeza kila kitufe mara ishirini. Kikituma mara mbili kwa mbonyezo mmoja, swichi yake ndogo imekwisha.

Swichi hiyo ni spea ya bei ya chini mno. Nyingi ni za milimita 6 kwa 6, lakini urefu wa kichwa hutofautiana, na watu hukosea hapo: pima kwanza, ndipo uagize. Fungua, piga picha ya kila waya bapa kabla ya kuuchomoa, lehemu kwa takriban nyuzi 350, usikae juu ya mguu mmoja zaidi ya sekunde tatu, la sivyo unabandua njia ya shaba kwenye bodi.

Soketi ya USB ndiyo hufa kimyakimya. Sauti ikikatika waya ukiguswa, msikimbilie kununua bodi. Mara nyingi ni ufa kwenye risasi ya kulehemu ya miguu minne ya soketi, au masikio mawili yanayoishika kwenye bodi. Yayeyushe upya, ongeza risasi kidogo, na kuanzia hapo funga waya kwenye kontrola kwa utepe wa kunata ili ukivutwa, mvuto usifike kwenye soketi.

Slaida zinazokwaruza zina dawa yake, na ni dawa ya slaida yenye kilainishi. Spirti peke yake inasafisha, lakini inaondoa grisi ya reli, slaida inakuwa ngumu na kaboni inalika haraka. WD-40 ya kawaida ni mbaya zaidi, kwa sababu mafuta yake yanakamata vumbi. Puliza hewa kwanza, nyunyiza kidogo, telezesha mara thelathini, acha ikauke kabla ya kuwasha.

Tunaofanya kazi pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Inaota ukijani kwenye soketi za RCA za kutolea sauti na ncha za nyaya bapa. Hapo spirti ya asilimia 99 na mswaki laini vinafaa. Vipakiti vya kukausha unyevu viwe ndani ya begi muda wote.

Mwisho, akiba ya mafaili. Siku unayonunua, pakua draiva, fimuwea (programu inayokaa ndani ya kontrola yenyewe), kitabu cha maelekezo na programu kwa toleo linalofanya kazi, yaandike majina na tarehe, weka kwenye diski mbili. Kurasa za msaada hufutwa bila taarifa. Hifadhi pia faili la ramani ya vitufe. Kwenye Mixxx, programu ya bure ya madijei, ramani ni maandishi matupu ya XML na JavaScript, hivyo kontrola iliyotelekezwa na kiwanda inaweza kuandikiwa upya na mtu yeyote mwenye subira. Fimuwea msisasishe wiki yenye harusi, na msisasishe kwa betri inayokaribia kuisha. Umeme ukikatika katikati, kontrola inaweza isiwake tena. Na mkinunua laptopu mpya, ya zamani msiiuze. Ondoeni leseni zisizohitajika, iacheni bila intaneti, mfumo usijisasishe, na pigeni nayo mpaka mpya iwe imeonyesha kwamba inaitambua kontrola kwa saa nne mfululizo bila sauti kukatika.