Tulimpeleka Muuza Samaki wa Ggaba Kula Samaki Mbichi

ODONGO: Haya, tumerudi. Walioniuliza wiki hii kama ni kweli tulimpeleka muuza samaki wa Ggaba kwenye mkahawa wa Kijapani, jibu ni ndiyo. Shahidi wangu dada Aisha huyu hapa.

AISHA: Asalaam aleikum wasikilizaji. Shahidi na mshtakiwa pia, maana wazo lilikuwa langu.

ODONGO: Wawekee picha kidogo. Tulikuwa akina nani?

AISHA: Mimi na wewe. Shoga yetu wa Ggaba, ambaye anauza samaki wa Ziwa Victoria, ngege na mbuta, tangu tukiwa shule. Halafu yule jamaa yako wa Butaleja.

ODONGO: Mkulima wa mpunga pale Doho. Alikuja Kampala kwa shughuli za benki, nikamwambia leo hulali na njaa, twende.

AISHA: Kwa hiyo mezani tuna mtu wa samaki na mtu wa mchele. Na chakula chenyewe, sushi, ni samaki juu ya wali! Wale wawili hawakula, walikagua.

ODONGO: Walikagua kama watu wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, wakiwa sokoni. Tukaketi kaunta, mbele ya mpishi. Kwanza tukaletewa vitaulo vya moto, vimekunjwa vizuri, vya kupangusa mikono. Hapo shoga akatulia kidogo. Akasema angalau hawa wanajua mtu hunawa kabla ya kula.

AISHA: Akatulia mpaka alipoona kile kibao cha samaki.

ODONGO: Banange!

AISHA: Vipande vyekundu, vya rangi ya chungwa, vyeupe, havijapita hata karibu na moto. Akamuuliza mpishi, "Kijana, kichwa chake kiko wapi?" Yeye samaki asiye na kichwa hamwamini. Anataka aone jicho kama linang'aa, afunue shavu aone wekundu, abonyeze kwa kidole aone kama nyama inarudi.

ODONGO: Mpishi naye kijana wa Masaka, alifunzwa na Mjapani, wala hakukasirika. Akamletea kipande kwenye kisahani, akamwambia, "Mama, bonyeza."

AISHA: Akabonyeza! Kikarudi. Akanyamaza.

ODONGO: Hapo akauliza swali ambalo nadhani kila Mganda analo kichwani. Je, ni mbuta wetu huyu?

AISHA: Na jibu lilinifurahisha. Mpishi alisema samaki wa ziwa hampi mtu mbichi hata siku moja. Samaki wa maji yasiyo ya chumvi wanabeba minyoo inayoweza kuhamia kwa binadamu. Hao wa mbichi ni wa baharini, salmoni na jodari, na wanakuja wamegandishwa. Kugandisha huko si kuhifadhi tu, kunaua minyoo. Kiwango kinachotumika sana ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7.

ODONGO: Jamani, hilo lisikilizeni vizuri. Msichukue ngege wa Ggaba mkamweka kwenye friji ya nyumbani siku mbili, mkamkata mkasema ni sushi. Friji nyingi za nyumbani hazifiki baridi hiyo.

AISHA: Ngege na mbuta pale wanakaangwa tempura. Unga mwepesi, maji ya barafu, mafuta ya moto sana, dakika chache tu. Hiyo shoga alikula bila maswali. Alikula na ya kwangu.

ODONGO: Tempura yenyewe Wajapani waliipata kwa Wareno, waliofika kwao mwaka 1543. Wareno hao hao ambao nusu karne baadaye, 1593, walianza kujenga Fort Jesus kule Mombasa. Kule waliacha mapishi, huku wakatuachia mizinga.

AISHA: Wewe nawe! Mombasa waliacha na maneno pia. Meza uliyokalia ni yao.

ODONGO: Sawa, meza nimepokea. Sasa tuje kwenye wali, maana huko ndiko usiku ulikogeukia.

AISHA: Eleza wewe, rafiki ni wako.

ODONGO: Sisi sote macho kwenye samaki. Jamaa yangu hajamtazama samaki hata mara moja, anamtazama kijana mwingine kule nyuma. Yule kijana alikuwa na beseni la mbao, pana, la kina kifupi. Akapakua wali unaofuka mvuke humo. Akamwagia siki iliyokorogwa na sukari na chumvi, akaanza kuugeuza kwa mwiko bapa wa mbao. Lakini hakorogi, dada. Anakata. Mwiko unaingia kwa ubavu, unakata, unafunua, unakata. Mwenzake pembeni anaupepea.

AISHA: Kwa kipepeo, kama mtu anayewasha jiko la mkaa.

ODONGO: Jamaa akaniambia polepole, "Huyu anaogopa kuvunja punje." Mkulima ndiye aliyeona. Ukikoroga, punje zinavunjika, unapata uji. Ukipepea, unyevu wa juu unakauka haraka na wali unang'aa. Halafu unaachwa upoe mpaka uwe vuguvugu, joto la mwili hivi, ndipo unaumbwa mkononi.

AISHA: Na mimi nilidhani kazi yote iko kwenye kisu.

ODONGO: Ndiyo msimamo wangu, na mtanipinga mkitaka. Watu wanalipa pesa ndefu wakifikiri wanalipia samaki. Pale chakula ni wali, samaki ni kitoweo. Mpishi akikosea samaki kidogo utasamehe, akikosea wali hakuna kitu.

AISHA: Akikosea samaki utaenda hospitali ya Mulago, Odongo.

ODONGO: Akikosea ladha, nasema! Si usalama.

AISHA: Haya, hapo nakubali. Maana nilikula kipande kimoja cha wali na yai tu, la kukaanga kwa matabaka, tamu kidogo. Ndicho nilichokipenda kuliko vyote.

ODONGO: Jamaa akaomba mchele mbichi auone. Akaletewa kiganjani. Punje fupi, nene, karibu duara. Akatia moja mdomoni, akaing'ata kwa meno ya mbele, akasikiliza. Kweli, alisikiliza! Akasema mchele huu unanata kwa asili yake, wanga wake ndivyo ulivyo. Chukua mchele wetu, Supa au Kaiso, umfanyie hivyo, hashikani, anamwagika mezani.

AISHA: Nikamuuliza, basi kwa nini usiulime kule Doho, maji ya mto Manafwa si mnayo?

ODONGO: Akacheka. "Dada, huu Mbale nani ataununua?" Mteja wa pale anataka punje iachane na mwenzake, na inukie hadi kwa jirani. Ukimpikia pilau ya kunata atakurudishia sufuria.

AISHA: Ingawa Wajapani wenyewe kwa mpunga hapa Uganda si wageni. Pale kituo cha utafiti cha Namulonge wamesaidia utafiti na mafunzo ya mpunga miaka mingi kupitia JICA, shirika lao la misaada ya maendeleo. Na hawakulazimisha mchele wao wa sushi, wamehangaika na NERICA, aina ile ya mpunga iliyozaliwa kwa kuchanganya mpunga wa Afrika na wa Asia, inayoota hata shambani pasipo majaruba.

ODONGO: Hilo jamaa alilijua kuliko sisi. Sasa dada, wewe ulikuwa na lako, la halali.

AISHA: Ndiyo, na nawaambia Waislamu wenzangu, ulizeni bila haya. Nyama ya nguruwe utaiona kwenye orodha, hiyo ni rahisi. Kinachojificha ni mirin na sake, pombe za mchele zinazoingia kwenye michuzi, hasa ile mitamu inayopakwa kuku na samaki wa kuchoma. Niliuliza, mhudumu akaenda jikoni, akarudi na majibu ya sahani kwa sahani. Nikala samaki wa kuchoma kwa chumvi. Sikupungukiwa na kitu.

ODONGO: Na vijiti?

AISHA: Usinikumbushe. Jamaa alivisimamisha katikati ya bakuli la wali ili ashike simu. Mhudumu akaja taratibu, akavitoa, akavilaza. Kwao vijiti vilivyosimama kwenye wali ni vya msibani, ndivyo marehemu anavyotengewa.

ODONGO: Baadaye alikula kwa mkono. Mpishi akamwambia sushi kwa mkono ni halali kabisa, hata kwao. Uso wa jamaa uling'aa!

AISHA: Shoga wa Ggaba je, wasikilizaji wanasubiri. Alikula mbichi?

ODONGO: Kipande kimoja. Alifumba macho, akatafuna, akafumbua. Akasema, "Hana harufu." Kwa muuza samaki hiyo ni sifa kubwa. Akataka kujua kwa nini.

AISHA: Mpishi akamweleza. Wavuvi wa Kijapani samaki mzuri hawamwachi afe akihangaika kwenye mashua. Wanamtoboa ubongo papo hapo, wanamtoa damu yote, kisha barafu. Ikejime wanaiita. Nyama inakaa imara na harufu inachelewa.

ODONGO: Shoga akasema wavuvi wake wakiambiwa wamtoboe samaki mmoja mmoja watamtoboa yeye kwanza.

AISHA: Lakini juzi amenipigia. Anataka namba ya mpishi. Kuna kijana mmoja wa mashua amekubali kujaribu kwa mbuta watano, anauliza mkahawa utaongeza shilingi ngapi kwa kilo.

ODONGO: Umempa?

AISHA: Nimempa. Mpishi amesema alete kwanza, tena awe na kichwa.