Menyu ya "poa": kusoma riwaya-mchezo kabla ya kutengeneza gemu ya afya ya akili

Habari za mchana?

Mmeitikia wote "nzuri". Likumbukeni jibu hilo, nitalirudia.

Nimeitwa kuzungumza na ninyi mnaoanza mradi wa mwaka wa mwisho, hasa mliosema mnataka kutengeneza gemu inayohusu afya ya akili. Mimi niliutengeneza wa kwangu miaka kadhaa iliyopita, na nilianza kwa kukosea. Nitaanzia hapo.

Nilikaa wiki mbili nikaandika gemu fupi ya msichana wa chuo aliyepata sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha. Juu ya skrini niliweka kipimo cha furaha, mstari wa kijani. Ukichagua aende darasani, mstari unapanda. Ukichagua alale, unashuka. Ukijaa, amepona. Nikamwonyesha rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja hosteli. Yeye alikuwa amerudi chuoni baada ya kukaa nyumbani muhula mzima, na sababu ilikuwa hiyohiyo niliyokuwa naiandikia. Alicheza dakika nne. Akaweka simu kitandani, akaniuliza: "Kwa hiyo ningechagua vizuri, ningepona?"

Hakuuliza kwa hasira, na sikuwa na jibu. Nilifunga laptop, na kwa miezi miwili sikuandika tena chochote. Nilicheza za wenzangu nikiwa na daftari, nikitafuta kitu kimoja tu: chaguo linamfanyia nini mtu anayelichagua.

Kwa wasiozijua, ninaziita riwaya-mchezo zile gemu ambazo nyuma kuna picha ya mahali, mbele amesimama mhusika, chini kuna kisanduku cha maneno. Unagusa, maneno yanasonga. Kila baada ya muda inatokea menyu: useme hivi au vile, uende au ubaki. Wajapani ndio walioikuza sanaa hii. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ilitoa Otogirisō, hadithi ya kutisha inayosomwa kwenye skrini kwa picha na sauti, na umbo lile likapata wafuasi wengi. Kwa mwanafunzi lina faida kubwa: mwandishi mmoja na mchoraji mmoja wanaweza kulimaliza. Ren'Py, programu huria iliyopo tangu 2004, ni ya bure, inakwenda hata kwenye kompyuta dhaifu, na inakutolea gemu ya kuchezwa kwenye simu za Android. Huhitaji mkopo wala ofisi.

Ya kwanza niliyoifungua haikuwa na picha nyingi, ni maandishi zaidi: Depression Quest, ya 2013. Wewe ni kijana mwenye kazi, mpenzi na familia, na una sonona. Kila tukio linakupa orodha ya mambo ya kufanya. Lile la kwanza, ambalo kila mtu angekushauri ulifanye, limepigwa mstari katikati. Unalisoma, unalijua, ila huwezi kuligusa. Kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya, ndivyo machaguo mengi zaidi yanavyopigwa mstari.

Nilikaa nikiitazama ile mistari muda mrefu. Hapo ndipo swali la rafiki yangu lilipojibiwa. Mgonjwa wa sonona anajua vizuri sana kwamba akioga na kutoka nje atajisikia nafuu, ameshaambiwa mara mia. Njia anaiona, mguu ndio hauinuki. Gemu yangu ilimpa mchezaji mlango ulio wazi, kisha ikamlaumu kwa kutopita. Mkiandika menyu, jueni kwamba kila chaguo mnaloliacha wazi linasema "ungeweza". Kama mhusika wenu hawezi, menyu isidanganye.

Ya pili ilikuwa Katawa Shoujo, iliyotolewa bure Januari 2012 na kikundi cha watu wa kujitolea waliojiita Four Leaf Studios. Hapo nilijifunza kuhusu upande wa pili, yaani sisi tunaomzunguka mgonjwa. Kuna msichana anaitwa Hanako, aliungua na kupoteza wazazi wake katika moto wa nyumba, na watu wakiwa wengi anashikwa na hofu kubwa. Mchezaji mwenye huruma anataka kumlinda. Anachagua kumlinda kila mara. Kumbe njia hiyo inaishia pabaya: Hanako anamlipukia, kwa sababu amechoka kutendewa kama mtoto. Gemu hiyo ina sehemu ambazo si za kila umri na sitawaambia mwigeni kila kitu chake, lakini tawi hilo la hadithi lisomeni. Jamaa na marafiki zetu wengi wanaumiza kwa mtindo huo, kwa wema kabisa.

Doki Doki Literature Club mnaifahamu, naona mikono. Ni riwaya-mchezo ya Septemba 2017, imetengenezwa kwa Ren'Py, na ni ya bure. Nina maoni mawili juu yake, na yote mawili nayaamini. Kuna msichana anaitwa Sayori, mwanzoni anachelewa kuamka kila siku, tunamwona mtoto mzembe. Baadaye anaeleza kwamba asubuhi haoni sababu ya kutoka kitandani. Kitu tulichokicheka kinageuka mbele ya macho yetu, na sijawahi kuona dalili ya sonona ikiandikwa kwa ustadi kuliko pale. Kisha menyu inakupa majibu mawili ya kumwambia, na ujibu lipi ujibu, unamkuta amejiua, na picha unaonyeshwa wazi. Hapo ndipo ninapotofautiana na walioitengeneza. Mchezaji mwenye jeraha kama hilo anabaki na picha kichwani bila kitu kingine cha kushika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watu wa filamu na jukwaa kuhusu kuonyesha kujiua. Unashauri kutoonyesha tendo wala njia iliyotumika, na badala yake kuonyesha watu wakipata msaada na kuvuka. Uchukueni mwongozo huo kana kwamba umeandikwa kwa ajili yenu.

Niliitazama pia SPARX ya New Zealand, ingawa si riwaya-mchezo. Ni gemu ya safari ya kubuni ambamo kijana anajifunza mbinu za kupambana na mawazo mabaya. Ilijaribiwa kwa vijana 187 na matokeo yakachapishwa 2012: haikuwa duni kuliko huduma ya kawaida waliyopata wenzao. Lakini nyuma yake walikuwepo madaktari na watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland. Wewe na mwenzako mmoja msiahidi tiba. Hadithi inatosha.

Sasa turudi kwenye "nzuri" yenu.

Nilipoanza upya, nilitaka kutumia ule mstari wa Depression Quest, ila kwa lugha yetu. Nikajiuliza ni wapi Mswahili anakutana na menyu yenye chaguo lililofungwa. Ni kwenye salamu. Mtu ana msiba nyumbani, ukimuuliza habari anasema nzuri, ndipo aongeze "ila tumefiwa". Adabu yetu inadai neno zuri litangulie. Kwa mwenye sonona, ile "ila" haifiki. Wala hajui aiiteje. Neno sonona lipo vitabuni, hosteli hulisikii; utasikia "ana mawazo", "amejifungia", "siku hizi hayuko sawa".

Basi gemu yangu ikafunguka hivi. Ni asubuhi, foleni ya bombani, mwenzako ana ndoo, anakuuliza "Vipi?" Menyu ina majibu matatu: "Poa." "Safi tu." "Sijalala siku nne." La tatu lina rangi ya kijivu, haligusiki. Unachagua poa, anapita. Salamu hiyo inarudi mara sita kwa siku tatu za hadithi. Mara ya sita mwenzako anatua ndoo chini, anauliza tena: "Poa kweli?" Hapo la tatu linafunguka.

Kwenye Ren'Py hii ni kazi ndogo, ila kuna jambo la kujua. Ukiweka sharti kwenye chaguo na sharti halijatimia, programu kwa kawaida inalificha kabisa. Mchezaji haoni kwamba kulikuwa na neno la kusema. Kuna mpangilio unaitwa config.menu_include_disabled, uuwashe, chaguo litaonekana likiwa limefungwa. Nilizijaribu namna zote mbili. Lilipofichwa, wachezaji waliona mhusika hana shida. Lilipoonekana limefungwa, mmoja aliligusa na kuligusa mpaka nikadhani atavunja kioo. Angalieni pia uwezo wa kurudi nyuma, ambao Ren'Py inaufungua yenyewe. Wengi huuzima ili mchezaji "aishi na matokeo". Mimi niliuacha. Mtu aliyekwazwa na tukio awe na njia ya kurudi, na kitufe cha kutoka kionekane kila wakati.

Kuhusu usalama nitasema kwa kifupi. Kabla ya kumpa mtu acheze, mwambieni ndani kuna nini, na mumwachie nafasi ya kukataa bila kujieleza. Mshauri nasaha wa chuo asome hadithi yenu nzima. Namba ya msaada mtakayoiweka mwisho, ipigeni wenyewe, mchana na usiku. Mimi nilipata moja iliyochapishwa vizuri kabisa, nikaipiga siku tatu haikupokelewa. Na mwandishi aijue sheria, maana inaingia kwenye mazungumzo. Kanuni ya Adhabu yetu hapa Tanzania imehesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, Mahakama Kuu ikatamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Mhusika anayeogopa polisi atanyamaza mahali ambapo mwandishi asiyejua angemfanya aongee.

Rafiki yangu aliicheza ile ya pili. Safari hii alimaliza, dakika ishirini hivi, nami nikijifanya nakunja nguo. Kuna sehemu mama anapiga simu kutoka nyumbani, nilikuwa nimemwandikia aseme "Jikaze, mwanangu". Alinirudishia simu, akasema neno moja tu nibadilishe, hilo la mama. Nikamuuliza niweke nini. Akasema mama yake katika miezi yote ile hakuwahi kumwambia ajikaze, alikuwa anafungua mlango kidogo na kuuliza, "Umekula?"

Nikalibadilisha usiku uleule.