Wazee wa China hawakwambii wana sonona, wanakwambia hawalali

Haya wadau, mambo vipi, nipo Jinhua, mkoa wa Zhejiang, na baridi ya leo sio poa. Kuna klipu mmenitag sana, ile ya mabibi wa Kichina wanacheza uwanjani jioni na spika kubwa, komenti zote "wazee wa huko wanakula bata". Jamani, wale ndo wenye nafuu. Mwenye sonona, yani depression, humuoni pale, yupo ghorofa ya tano jengo la zamani halina lifti, mtoto wake mmoja yupo mji wa mbali, Shenzhen, kazini.

Mmoja kwa sababu ile sera ya mtoto mmoja ilidumu toka 1980 mpaka 2015, kwaiyo waliozaa kipindi kile wengi ndo wazee wa sasa, na sensa ya 2020 ilikuta wenye miaka 60 na kuendelea ni milioni 264, yani kama Tanzania nzima mara nne hivi. Vijijini ndo balaa zaidi, vijana wameenda viwandani wakaacha watoto kwa babu na bibi, mzee magoti yanauma alafu ana mjukuu wa kulea. Serikali ikaweka sheria 2013 kwamba mtoto anayeishi mbali awe anaenda kuwaona wazazi mara kwa mara, ila hiyo mara kwa mara ni mara ngapi hawakusema, mi naona ilikuwa kutishana tu.

Sasa shida ni kwamba mzee hawezi kukwambia "nina huzuni". Atakwambia halali, kichwa, kifua kinabana, tumbo. Mwaka 1980 daktari Mmarekani anaitwa Arthur Kleinman aliwachunguza wagonjwa 100 kule mji wa Changsha ambao walikuwa wameandikiwa kwamba neva zao ni dhaifu, akakuta 87 wana sonona kabisa! Na kwenda kwa daktari wa akili ni aibu, majirani wataongea, hapo wala hatujapishana na kwetu.

Kilichonifurahisha ni mpango mmoja uliofanyiwa utafiti vijijini huku huku Zhejiang, unaitwa COACH. Walichukua wazee wenye presha na sonona kwa pamoja. Daktari wa kijiji, yule yule anayemjua mzee siku zote, anatibu vyote viwili, mtu wa pale pale kijijini anapita nyumbani kupiga stori na kuangalia kama dawa zinanywewa na kama mzee anatoka nje, alafu daktari wa akili anashauriana nao kwa nyuma. Hakuna anayejua umetibiwa akili, wewe umeenda presha tu bana. Na sonona ilipungua kuliko kwa wazee waliopata huduma ya kawaida, na presha nayo ikashuka vizuri zaidi.

Hong Kong nao 2016 walianzisha mpango unaitwa JoyAge, wa kuwafundisha wazee wenyewe wakae na wazee wenzao wenye dalili za sonona, kwa sababu kijana wa miaka 25 na fomu yake mkononi mzee atamjibu "niko salama" basi imeisha.

Mama yangu huko nyumbani anaenda kliniki ya presha, nikamuuliza kama washawahi kumuuliza analalaje, anaongea na nani jioni, akacheka. Manesi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii mnaonicheki, kwenu mnauliza? Niandikieni kwenye komenti, na mseme mko mkoa gani.