Tofali Lisilokatwa: Makanisa ya Uzeeni ya Sigurd Lewerentz

Ndugu zangu mafundi na wanafunzi wa usanifu, kila mwashi aliyemo humu anajua: ukifika konani na tofali zima haliingii, unaligonga kwa mwiko, unapachika nusu, unaendelea. Msanifu Sigurd Lewerentz wa Sweden, alipojenga Kanisa la Mtakatifu Petro katika mji mdogo wa Klippan, 1963 hadi 1966, alikataza hilo. Lisikatwe hata moja. Kuta, sakafu, dari, madhabahu: kote matofali, na yote mazima.

Pasipoingia je? Basi mota, ule mchanganyiko wa kuunganishia matofali, ndiyo ikubali. Hapa kiungo chembamba, pale kinene hadi mwashi mzoefu ashtuke. Ukuta ule unakuonyesha kila mahali fundi alipolazimika kufikiri. Mimi sijui ukuta wa kweli zaidi ya huo.

Na huyo alikuwa mzee. Alizaliwa 1885; kazi inakwisha ana miaka 80 na ushee. Ujanani, mwaka 1915, yeye na msanifu mwenzake Gunnar Asplund walishinda shindano la makaburi ya msituni kusini mwa Stockholm. Kanisa dogo la Ufufuo alilolisanifu pale, la 1925, lina dirisha moja tu kubwa, linalotazama kusini. Miaka ya 1930 akaondolewa kwenye kazi hiyo ya makaburi, Asplund akaendelea peke yake. Jambo hili huniuma kila ninapolisimulia.

Akaenda kushughulika na kiwanda chake katika mji wa Eskilstuna, cha milango na madirisha ya chuma. Wako wanaoiita miaka iliyopotea. Nakataa. Mwaka 1956 alishinda shindano la Kanisa la Mtakatifu Marko, Björkhagen, mtaa wa Stockholm, na kisha Klippan mtu huyu wa fremu akaweka madirisha yasiyo na fremu! Kioo kimebanwa kwa nje, juu ya ukuta wenyewe. Ukiwa ndani unaona tundu tupu na mwanga. Kuiacha fremu namna ile, na mvua isiingie, kwahitaji mtu aliyezitengeneza kwa miaka.

Humo ndani ni giza, macho yachukua muda kuzoea. Kabla hujaona vizuri, unasikia maji. Sakafu imeinuka kidogo, kama imefura, ikaacha ufa. Juu yake limekaa kombe kubwa la baharini, jeupe, na maji yanadondoka kutoka humo tone kwa tone. Hapo ndipo wanapobatizia watoto.