Injini inazidisha mafuta ikiwa silensa? Acha skrubu kwanza

Haya jamani, sogeeni mbele kidogo. Leo ni injini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inayozidisha mafuta ikiwa silensa, yaani gari limesimama, mguu hauko kwenye mafuta, injini inanguruma kwa kusitasita, ekzosi inatoa moshi mweusi, harufu ya petroli mpaka macho yanawasha, ukifungua plagi unakuta masizi makavu yanayofutika kwa kidole. Dalili hizo kila fundi anazijua. Kinachoniuma ni kwamba wengi wetu tukiziona tu mkono unaenda kwenye skrubu ya mchanganyiko, ile ya kurekebisha petroli na hewa ya silensa, tunakaza, tunalegeza, tunakaza tena, na skrubu ya watu haina kosa lolote!

Choki, kile kibati cha juu kinachobana hewa injini ikiwa ya baridi, imefunguka yote injini ikishapata moto? Filta ya hewa haijaziba? Hayo ni ya dakika moja, yamalize.

Sasa njooni hapa penyewe. Injini ikiwa ya moto na iko silensa, toa filta, mulika tochi kwenye koo la kabureta (tochi, sio kiberiti, nawaombeni sana). Silensa ina njia yake ndogo, mafuta yake yanatokea kule chini karibu na kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kwa hiyo nozeli kubwa ya katikati muda huo inatakiwa iwe kavu kabisa. Ukiona inadondosha, tone baada ya tone, basi shida iko kwenye bakuli, pale kabureta inapotunza petroli yake, mafuta yamepanda kupita kiasi. Labda nidili, ile sindano inayofunga mafuta yasiingie bakuli likijaa, imechakaa au ina kauchafu haifungi, labda floti, lile boya linaloisukuma nidili, imetoboka haielei tena, itoe uitikise sikioni utasikia petroli inacheza ndani, au pampu inasukuma kwa nguvu mno, weka geji ya presha uone, kabureta nyingi zinatosheka na psi 3 mpaka 6 hivi.

Nozeli kavu? Hapo sasa ndio ushike skrubu. Ikaze taratibu mpaka mwisho bila kuilazimisha, ncha yake inaharibika. Injini inatakiwa izime. Ikiendelea kunguruma kama vile hujagusa kitu, ujue mafuta yanapita kwingine: kuna mtu amepandisha silensa mpaka kibati kikafunua tundu za juu yake, au kama kabureta ina pawa valvu, ile inayoongeza mafuta injini ikibeba mzigo, kiwambo chake kimechanika na injini inanyonya petroli hapo hapo. Kama inazima lakini ukiifungua kidogo tu mafuta yanazidi, safisha katundu ka hewa ka silensa, kakiziba mchanganyiko unakuwa mzito. Ila angalieni, nasema skrubu ya upande wa injini, ile inayopima mafuta, maana ya upande wa filta inapima hewa na ukiikaza ndio unazidi kuongeza mafuta.

Ukishatengeneza, funga plagi safi ndio uset silensa, zile zenye masizi zitakosa moto na utaendelea kunusa petroli ukidhani kabureta bado.