Mstari, Msururu na Mraba: Askari wa Miguu wa Ulaya katika Vita vya Napoleon

Mabibi na mabwana, wapenzi wa historia,

Tunapotazama michoro ya vita vya enzi za Napoleon tunawaona askari wenye sare za rangi kali wamesimama bega kwa bega mbele ya mizinga, na wengi wetu hujiuliza kwa nini hawakulala chini wala kujificha. Jibu limo katika silaha waliyoishika. Ilikuwa bunduki ya gumegume, ndugu wa magobori ambayo babu zetu waliyajua: mtutu wake ulikuwa laini kwa ndani, risasi yake ilikuwa tufe lisiloubana mtutu huo, na kila baada ya kufyatua ilimbidi askari amimine baruti na kushindilia kwa mdeki kabla ya kuinua bunduki tena. Aliyefunzwa vyema alifyatua mara 2 au 3 kwa dakika, na kumpata mtu mmoja aliye mita 100 mbele yake kulitegemea bahati kuliko shabaha. Bunduki moja, basi, haikumtisha mtu. Mamia ya bunduki zilizofyatuliwa kwa pamoja na kwa karibu ndizo zilizovunja jeshi.

Ndiyo maana batalioni, yaani kikosi cha askari mia kadhaa, ilijipanga katika mstari. Waingereza walisimama safu 2 na Wafaransa kwa kawaida safu 3, ili bunduki nyingi iwezekanavyo zimwelekee adui. Lakini mstari mrefu ni mgumu kuuongoza kwenye mashamba, mitaro na vichaka, hasa kwa askari wapya. Kwa hiyo Wafaransa walisogea kwa msururu, kombania (vikosi vidogo vya batalioni) 2 mbele na nyingine nyuma yake, wakikusudia kuufungua uwe mstari wakimkaribia adui. Chukua batalioni ya askari 600 iliyopangwa hivyo kwa kina cha safu 9: walio mbele ni kama 66, na hata safu 2 za kwanza zikifyatua, bunduki hazifiki 140. Batalioni kama hiyo ya Waingereza, ikiwa katika mstari, ilifyatua zote 600. Wellington, jenerali wa Waingereza, aliitumia vyema tofauti hiyo kule Bussaco, Ureno, tarehe 27 Septemba 1810, akiwaweka askari wake nyuma ya ukingo wa kilima, hata Wafaransa waliopanda wakihema hawakujua ni wakati gani waufungue msururu wao.

Hatari kubwa ya mstari ilikuwa farasi. Mfano ninaorudi kwake kila mara ni ule wa Albuera, Uhispania, tarehe 16 Mei 1811. Brigedi ya Colborne, kamanda wa Kiingereza, yenye batalioni 4, ilikuwa katika mstari, ikipigana na askari wa miguu wa Ufaransa, mvua kubwa yenye mawe ilipoanguka ikalowesha baruti na kufunga macho. Katika giza hilo wapanda farasi wa Kipolandi wenye mikuki, pamoja na wapanda farasi wengine wa Kifaransa, waliuingia mstari huo kutoka ubavuni. Batalioni 3 kati ya 4 ziliangamizwa kwa dakika chache. Ya nne, iliyokuwa bado katika msururu, iliwahi kujifunga mraba, yaani kuelekeza bunduki pande zote nne, ikasalimika. Naona hapo ndipo ulipo undani wa mbinu za zama zile: ujuzi wa kamanda ulikuwa kutambua mapema umbo litakalohitajika, kwa maana kubadili umbo kulichukua muda, na muda huo adui hakuutoa.

Mraba wenyewe ulitegemea tabia ya mnyama. Safu ya mbele ilipiga goti, kitako cha bunduki kikiwa ardhini na singe ikielekea juu, na safu za nyuma zikafyatua juu ya vichwa vyao. Farasi hakubali kujitupa kwenye ukuta wa singe, huzunguka. Tarehe 18 Juni 1815, kule Waterloo, Ney, jemadari wa Napoleon, aliongoza maelfu ya wapanda farasi mara kwa mara dhidi ya miraba ya Wellington, na hakuna uliovunjika. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kuwapeleka bila askari wa miguu wa kutosha na bila mizinga ya kutosha ya kufuatana nao, kwa kuwa mraba unaowazuia farasi ni shabaha rahisi mno kwa mzinga: watu wamesongamana, na tufe moja la chuma hupita katika wengi.

Jioni hiyo, shamba la La Haye Sainte lilipotekwa na Wafaransa kusogeza mizinga karibu, Rejimenti ya 27 ya Waingereza, iliyojaa vijana wa Ireland, ilibaki katika mraba karibu na njia panda, kwa kuwa kufunguka kungewaita farasi. Ilipoteza zaidi ya nusu ya askari wake bila kuondoka mahali pake, na afisa mmoja aliyekuwa jirani aliandika baadaye kwamba ilionekana imelala imekufa, ingali katika umbo la mraba.