Doa Halianzi Siku ya Kufuta

Karibuni, kaeni. Mliowahi kunisikia mnajua naanzia wapi, na anayetaka kusinzia dakika kumi za mwanzo simzuii. Naanza na mdomo mwekundu kwenye uso mweupe wa mwanasesere wa resini, ile plastiki ngumu ya kumiminwa tunayoichora nyuso kwa mkono. Nitaendelea kuurudia mpaka watu waache kuniletea vichwa vyenye midomo ya waridi ambayo hakuna aliyeitaka.

Tumfuate mchoraji mmoja, yeyote yule. Ameosha kichwa, amekikausha, ana haraka. Amepuliza vanishi mkono mmoja tu, yaani tabaka moja, tena kutoka mbele. Vanishi imetua kwenye paji, mashavu na ncha ya pua. Haikuingia kwenye ule mfereji kati ya mdomo wa juu na wa chini, wala kwenye pembe za mdomo, wala chini ya kope la juu. Kwa macho huwezi kujua, kwa sababu uso wote unaonekana umefifia sawasawa. Anapaka akriliki nyekundu. Brashi inateleza, mstari unatoka nje kidogo, kama unene wa unywele. Sasa anafanya nini? Anachovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili na kufuta kwenda na kurudi.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Alkoholi inayeyusha rangi na vanishi iliyo chini yake pamoja. Unapatikana uji mwepesi wa waridi, na uji hukimbilia bondeni, yaani kwenye ule mfereji ambao haukupata vanishi. Resini pale iko wazi. Alkoholi inaingia kwenye vinyweleo na rangi, kisha inaruka hewani na kuiacha rangi ndani. Mchoraji anaona waridi, anakandamiza zaidi, anaongeza alkoholi, anatanua doa. Halafu anakuja kuuliza dawa ya kutoa madoa. Doa lile liliingia asubuhi, wakati kopo la vanishi liliporudishwa kabatini baada ya mkono mmoja. Kufuta kulimalizia tu kazi.

Najua kuna anayesema moyoni, "Lakini resini ni ngumu kama jiwe, itanyonyaje?" Hata jiwe hunyonya. Ugumu ni kitu kimoja, vinyweleo ni kingine. Resini ya polyuretani inayomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo sana, na sehemu iliyopigwa msasa inanyonya zaidi kuliko ile iliyotoka kwenye kalibu ikiwa laini. Kwa hiyo uliyesawazisha mishono ya kalibu kwenye mashavu, jua kwamba umefungua mlango hapo. Kwenye resini nyeusi au ya kahawia jambo hilohilo hutokea, ila halionekani. Nyeupe haifichi kitu.

Basi vanishi. Osha kichwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, maana kichwa kipya kina mafuta ya kalibu na vanishi haishiki juu ya mafuta. Kiache kikauke kabisa, hata ndani ya matundu ya macho. Tumia vanishi ya kupuliza isiyong'aa. Wengi hapa mnatumia vanishi ya kopo iitwayo Mr. Super Clear, ile yenye kinga ya miale ya jua, na inafaa. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ile ya kitambaa haizuii mvuke huo, naomba tusibishane.

Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30. Anza kubonyeza nje ya kichwa, pita, achia nje ya kichwa upande wa pili. Mkono wa kwanza kutoka mbele, wa pili kutoka chini ya kidevu ukielekea juu, wa tatu kutoka juu ya paji ukielekea chini. Mkono wa chini ndio unaoingia chini ya kope na kwenye mfereji wa mdomo, na ndio watu wanaouruka. Mikono yote iwe myembamba, na kati ya mmoja na mwingine subiri nusu saa. Ukikaribia sana vanishi inachuruzika. Ukienda mbali sana inakauka hewani na kutua kama mchanga. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, zaidi ya asilimia 60 hivi, uso unapata ukungu mweupe. Siku hiyo fanya kazi nyingine.

Vanishi isiyong'aa ina kazi ya pili: inakwaruza kidogo, na unga wa chaki za pasteli unashika kwenye mikwaruzo hiyo. Asiyepuliza huona unga unateleza, basi anausugua kwa nguvu, na kuusugua ndiko kuushindilia kwenye vinyweleo.

Sasa rangi zenyewe. Geuza tyubu usome namba ndogo ya pigmenti. PR101, PBr7 na PY42, nyekundu, kahawia na njano za udongo wa chuma, ni wageni wapole. Chembe zake kwa kawaida huondoka vizuri. PB15, PG7, PV19 na PR122, yaani buluu, kijani, zambarau na waridi kali, zina nguvu ya kutia rangi inayopita kiasi, na hizo hazigusi resini iliyo wazi hata kwa dakika moja. Sisemi msizitumie. Nasema ziwe juu ya mikono mitatu ya vanishi. Kalamu za wino wa alkoholi ziacheni kabisa. Na kivuli cha macho cha binadamu? Mara nyingi kina mafuta, na vanishi inayopulizwa juu yake hutengana kama maji kwenye sufuria ya mafuta. Mtu ataniambia ametumia miaka yote bila shida. Aupanguse uso huo leo, kisha tuzungumze.

Asiyeniamini ajaribu ndani ya kifuniko cha kichwa, pale nywele zinapofunika. Gawanya sehemu mbili: moja ipulize mikono mitatu, nyingine iache wazi. Weka tone la rangi ileile pande zote mbili, subiri saa 24, kisha futa kwa njia ileile. Utaona mwenyewe, nami nitapumzisha koo.

Kosa likitokea, na litatokea, usikimbilie alkoholi. Akriliki ambayo bado mbichi hutoka kwa brashi safi yenye maji kidogo. Unga wa pasteli hunyanyuliwa kwa ufutio laini wa kufinyangwa: bonyeza, nyanyua, usisugue. Ndiyo maana tunapuliza mkono mmoja kati ya kila hatua, wekundu wa mashavu kabla ya nyusi, nyusi kabla ya kope, ili kosa la mwisho litoke peke yake. Ikibidi kuvua rangi ya uso mzima, fanya kipande kidogo kidogo, kijiti kiviringike badala ya kusugua, anza na rangi nyepesi, mdomo uwe wa mwisho, na kijiti kikipata rangi kitupe. Usiloweke kichwa ndani ya alkoholi. Asetoni, pamoja na dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni, hula resini yenyewe.

Doa lililokwisha kuingia? Msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000, ukiwa umelowa muda wote kwa sababu vumbi la resini si la kuvuta. Sponji ya melamini nayo ni msasa, msijidanganye kwamba ni sponji. Kwa mwanasesere wa zamani aliyekwisha kupata umanjano, ukisugua doa unatoa na ule umanjano, na unabaki na kiraka cheupe katikati ya shavu. Ushauri wa kumweka juani ili doa lipauke nausikia kila mara. Yanayofaa kwa plastiki laini yanamzeesha wa resini.

Naona naoneshwa saa. Kope nilitaka kuzichora mbele yenu, hazitawezekana. La haraka: gundi laini ya kushikia macho ndani ya kichwa nayo hutia rangi, kwa hiyo matundu ya macho yapulizwe vanishi ndani pia, na mng'ao wa mdomo upakwe baada ya vanishi ya mwisho. Ukipuliza isiyong'aa juu ya mng'ao, unabaki na mdomo mkavu, na wa kuuvua ni wewe.